Doktora ya mainjenieri: haki iliyochelewa kutoka

Swali linarudia kila mara: doktora ya sayansi ao ya uinjenieri mu chuo kikuu cha ufundi cha Ulaya, tunaipata namna gani? Tuanzie mu historia, maana wengi wanafikiri hii doktora ilikuwako tangu zamani. Haikuwako.

Tuone Zürich, Uswisi. Polytechnikum ilifungua milango 1855. Ilifundisha mambo ya madaraja, mashini, kemia, lakini haikuwa na ruhusa ya kutoa doktora. Ulimaliza, ulipewa diplomu, basi. Mwenye kutaka kuitwa doktori alipeleka tezi yake kwa majirani, Chuo Kikuu cha Zürich. Wilhelm Röntgen alifanya hivyo: diplomu ya mashini Polytechnikum 1868, doktora Chuo Kikuu 1869. Ni yeye aligundua, 1895, ile miali wanayotumia hospitalini kupiga picha ya mifupa. Na Albert Einstein? Alimaliza Polytechnikum 1900. Mwaka 1901 alipeleka tezi Chuo Kikuu, akaiondoa 1902. Mwaka 1905 akapeleka ingine, kuhusu ukubwa wa molekuli, ikakubaliwa. Wakati huo alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya kuandikisha uvumbuzi, Bern. Hakukuwa bourse.

Sababu gani walinyimwa? Vyuo vikuu vya zamani viliona doktora ni mali ya wanateolojia, wanasheria, waganga na wanafalsafa. Injenieri, kwao, alikuwa fundi wa mikono tu. (Sisi wa agronomia tunaijua hii wimbo: « ninyi ni watu wa jembe ».) Ujerumani ugomvi ulikuwa mkali. Mwezi wa 10 mwaka 1899, kwa sherehe ya miaka 100 ya chuo cha Charlottenburg, Berlin, Kaiser Wilhelm II aliamua: vyuo vya ufundi vya Prussia vitatoa doktora yao wenyewe. Lakini angalia sharti: kifupi chake, Dr.-Ing., kiandikwe kwa herufi za Kijerumani, kisifanane na doktora ya vyuo vikuu. Mimi ninaita hiyo wivu. Zürich walifikia haki hiyo 1909, na 1911 chuo kikachukua jina la ETH.

Leo, mu vyuo hivyo, wanafunzi wengi wa doktora wanaajiriwa: mkataba, mshahara, kazi mu projet ya profesa, na kusaidia kufundisha. Kwa hiyo usikae paka kungojea tangazo la bourse. Tafuta nafasi ya kazi, tafuta profesa.

Kizuizi chetu kiko pengine. Kwa kawaida kule wanaomba master. Lisanse yetu ya zamani ilikuja kisha graduat: miaka 3 na 2, jumla 5. Lisanse ya LMD ni miaka 3. Jina ni moja, miaka haifanani! Mwenye kusoma dosie yako kule anaweza kufikiri uko na 3 tu, na anaiweka pembeni bila kukuuliza. Basi tia relevé za miaka yote, na mu barua andika wazi miaka uliyosoma na mémoire uliyotetea. Kisha sema swali lako la utafiti: muhogo wako, udongo wako, turbine yako ya mtoni. Profesa atasoma hapo kwa muda mrefu kuliko pengine pote.