Fundi Sanifu: Mtu wa Katikati

Mzazi wa Ruangwa, mkoani Lindi, aliyeuza korosho ili apate ada, akisikia kijana wake anataka ufundi sanifu ujenzi, huenda akashtuka: miaka yote hiyo ya shule, halafu fundi? Neno ndilo linaloponza. Kwa wengi, fundi ni yule anayeahidi kuja Jumamosi kupiga lipu, akatokea Jumatano.

Matangazo ya ajira serikalini hayachanganyi watu wa ngazi tofauti. Yupo fundi mchundo, ambaye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humwita fundi stadi, yupo fundi sanifu, yupo mhandisi. Mhandisi ametoka kwenye Kiarabu, ambako handasa ni jiometri. Sanifu nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kupanga na kutunga kwa utaratibu. Ndiyo maana anayebuni nyumba ni msanifu majengo, na lugha ya vitabuni ni Kiswahili sanifu. Istilahi imekaa vizuri: fundi anayefuata vipimo, si mazoea.

Tuseme darasa linajengwa Nachingwea na zege limeshachanganywa. Fundi sanifu anasimamisha koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, anaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka analishindilia kwa fimbo mara 25, kisha anaivua taratibu kwenda juu. Zege linatitia. Anapima limeshuka kiasi gani. Likilala chapachapa, maji yamezidi, na mwenye toroli atasubiri. Zege jingine anajaza kwenye kalibu za mchemraba za sentimita 15, na michemraba itakayotoka mashine itaivunja baada ya siku 7 na 28. Mhandisi alikokotoa nguvu inayotakiwa, fundi mchundo atamwaga. Huyu wa katikati ndiye anayejua kama hesabu ya ofisini imefika kwenye msingi.

Marekani kazi hiyo ina shahada yake, teknolojia ya uhandisi wa ujenzi. Tanzania njia yake ya kawaida ni stashahada, ngazi ya 6 katika mfumo wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Wazee bado wanaiita FTC, jina la cheti cha zamani. Anayetaka shahada huendelea hadi ngazi ya 8, hata baada ya kufanya kazi kwanza.

Unafuu uko hapo. Kijana huingia stashahada kwa cheti cha kidato cha nne, bila kupitia cha tano na cha sita, na husoma miaka mitatu. Katika bajeti ya Juni 2023 serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT (Dar es Salaam), MUST (Mbeya) na Arusha. Lakini vyote viko mbali na Lindi: chumba cha Dar es Salaam, nauli na chakula havikufutwa na mtu, na mfuko wa korosho unaishia huko. Mwenye uwezo mdogo zaidi aanze na VETA, ashike mwiko na kipato, ndipo apande.

Mwongozo wa NACTVET huorodhesha vyuo, kozi, sifa na ada. Mzazi asitafute humo neno fundi sanifu: kozi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa jina lenye maana ya uhandisi ujenzi. Jina litarudi kijana akimaliza, kwenye tangazo la halmashauri au la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini: Fundi Sanifu Daraja la II (Ujenzi).