Kalamu ya Sista: Kutoka Mengo hadi Makindye

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina wenyewe: Waanglikana wako Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli. Wauguzi hawana kilima chao, lakini njia yao ipo. Anayetaka kuifuata kwa miguu aanzie Hospitali ya Mengo, ateremke hadi Katwe kwa mafundi wa vyuma, apande Nsambya, halafu aelekee kusini mpaka Makindye. Ni mwendo wa asubuhi moja. Wauguzi wenyewe uliwachukua miaka 107.

Msafara wa wamisionari wa Kiingereza uliingia Mengo Februari 1897, baada ya kutembea kutoka Mombasa kwa miezi mitatu hivi. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa huko pwani. Katika msafara huo walikuwamo Albert Cook, daktari, na Katharine Timpson, muuguzi. Mwaka huohuo Cook akafungua hospitali, na mwaka 1900 wawili hao wakafunga ndoa. Jina la Cook ndilo lililoshika vitabuni, lakini Katharine ndiye aliyekuwa nguzo ya uuguzi pale, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akawa nguzo ya shule ya wakunga vilevile. Mabinti waliohitimu katika shule ile walisambaa vijijini wakazalisha mahali ambapo daktari hakuwahi kukanyaga.

Pamoja na ujuzi, wageni wale walileta utaratibu wa hospitali za kwao: daktari huandika dawa, muuguzi huitoa. Utaratibu huo hauna ubaya mahali penye daktari. Lakini vijiji vingi vya Uganda, kama vya Afrika Mashariki nzima, vilikuwa na mkunga au muuguzi tu, na pengine hata huyo hakuwapo.

Kutoka Mengo unapita Katwe, kelele za nyundo zikikusindikiza, kisha unapanda Nsambya. Hapa ndipo masista sita Wafransisko walipofika mwaka 1903. Miongoni mwao alikuwa Sista Kevin, mzaliwa wa Ireland, ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kama Mama Kevina. Zahanati yao ilianzia chini ya mwembe, na leo ni hospitali kubwa. Miaka 90 baadaye, hospitali hiyohiyo ilimkaribisha mgeni mwingine aliyekuwa akitafuta pa kuanzia hospisi, yaani huduma kwa wagonjwa wasioweza kupona: Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa na aliyefanya kazi Nigeria, Malaysia na Singapore. Alitokea Nairobi, ambako hospisi ilikuwa imeanza mwaka 1990 kwa juhudi za muuguzi Ruth Wooldridge. Nairobi ilimpa pia muuguzi wa kufuatana naye. Nsambya ikawaazima vyumba viwili.

Uganda ya 1993 ilikuwa katikati ya janga la UKIMWI. Saratani ya ngozi iitwayo Kaposi iliandamana na ugonjwa huo, na saratani nyingine nazo ziligunduliwa zikiwa zimeshakomaa. Hospitali ilipomaliza uwezo wake, mgonjwa aliambiwa arudi nyumbani. Alirudi na maumivu yake, akawakuta ndugu wasio na la kufanya zaidi ya kumgeuza kitandani na kumwombea. Merriman alikuja na sharti moja, na Wizara ya Afya ililikubali: unga wa mofini, dawa ya maumivu makali, uruhusiwe kuingia nchini, ili wagonjwa wapate dawa ya kunywa.

Kujua sharti hilo lilitoka wapi, inabidi tuiache Kampala kidogo twende London. Cicely Saunders alisomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas' wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maumivu ya mgongo yakamtoa wodini, akawa ofisa wa ustawi wa wagonjwa. Jioni alikuwa akijitolea St Luke's, nyumba ya wagonjwa wa kufa iliyokuwa Bayswater, na huko aliona jambo ambalo hospitali kubwa zilikuwa hazilifanyi. Wauguzi wa pale walitoa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, wala hawakungoja mgonjwa apige kelele. Saunders alimweleza daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi kwamba angependa kurudia uuguzi, awahudumie wanaokufa. Daktari yule akamshauri akasomee udaktari kwanza, kwa kuwa akibaki muuguzi hakuna atakayemsikiliza.

Akaenda. Alianza masomo akiwa na miaka 33 na kufuzu mwaka 1957. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's kusini mwa London, na kutoka hapo huduma shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeweza kupona, ikaenea duniani. Sifa zake ni za haki. Ila jambo alilolithibitisha kwa shahada ya udaktari alilikuta likifanywa na wauguzi wa Bayswater. Kwa hiyo njia hii ina deni la zamani: ujuzi ulikuwa kwa sista, lakini sauti ilikuwa kwa daktari.

Turudi Kampala. Dawa yenyewe haina makuu. Ni unga wa mofini, maji, kihifadhi kidogo na rangi, mchanganyiko ambao Merriman aliutengeneza na wafamasia wa Singapore. Mwanzoni Uganda dawa hiyo ilichanganywa jikoni, ikatiwa katika chupa za plastiki zilizokwisha kutumika. Rangi si pambo. Kijani ni dawa nyepesi na nyekundu ni kali zaidi, ili hata bibi asiyejua kusoma asikosee anapompimia mjukuu wake.

Muuguzi wa hospisi anapofika nyumbani kwa mgonjwa, maongezi huanza na habari za familia, ndipo yafikie maumivu. Huuliza yanapokaa, yanaamka saa ngapi, usingizi unakujaje. Hupanga dozi kila baada ya saa 4, na ya kulalia huiongeza maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Mofini hufunga choo, kwa hiyo huacha na dawa ya kulainisha, na penye uhaba hufundisha kutumia mbegu za papai zilizokaushwa. Kidonda cha saratani kikinuka, husaga vidonge vya metronidazole na kunyunyiza unga wake juu yake. Harufu ikiisha, majirani waliokuwa wakisalimia kutoka mlangoni huingia na kukaa. Ukiniuliza huruma ya muuguzi ina sura gani, nitakutajia unga huo.

Yote haya yalikuwa na kizingiti kimoja. Muuguzi alimjua mgonjwa, alijua dozi, alijua njia ya kufika kwake hata wakati wa mvua. Saini ya kuandika mofini alikuwa nayo daktari peke yake, naye alikuwa wilaya nyingine. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni: wauguzi na matabibu waliohitimu mafunzo maalumu ya miezi 9 wakaruhusiwa kuandika mofini wao wenyewe. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imethubutu kufanya hivyo. Rose Kiwanuka, anayehesabiwa kuwa muuguzi wa kwanza wa huduma shufaa nchini humo, baadaye aliongoza chama cha taifa cha huduma hiyo. Hakulazimika kuwa daktari ili asikilizwe.

Njia inaishia Makindye, makao makuu ya Hospice Africa Uganda, hospisi ile aliyoianzisha Merriman. Nyumba zake ni za kawaida, na hakuna wodi ya kulaza wagonjwa, maana kazi yenyewe iko majumbani kwao. Kuna chuo, na wauguzi kutoka nchi nyingine za Afrika huja kusoma hapo. Kuna pia mahali panapotengenezwa mofini, ambayo sasa serikali inaigharimia na mgonjwa haitozwi hata shilingi.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, hotuba huwasifu kwa moyo wa huruma. Sifa hizo si za uongo, lakini moyo huo ulikuwapo Mengo tangu mwaka wa kwanza, na wagonjwa waliendelea kufa wakilia kwa maumivu miaka mingi baadaye. Kilichobadilisha mambo ni unga ulionunuliwa, mafunzo yaliyolipiwa, na kanuni iliyomwamini mtu aliyeketi kando ya kitanda. Basi anayetaka kuwashukuru wauguzi hawa na aanze kwenye kituo cha afya cha kwao, aulize maswali mawili: mofini ipo? Na nani hapa anaruhusiwa kuiandika?