Muhogo

Muhogo (Manihot esculenta) ni mmea wa nchi za joto unaolimwa kwa mizizi yake yenye wanga na kwa majani yake, yaani kisamvu. Huvumilia ukame na udongo uliochoka, na mizizi iliyokomaa yaweza kuachwa ardhini miezi mingi. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliwalazimisha wakulima kuupanda kama kinga ya njaa.

Asili

Ulitoka kusini-magharibi mwa bonde la Amazon. Wareno waliufikisha Kongo katika karne ya 16; mashariki mwa bara ulienea baadaye.

Sumu na uandaaji

Mizizi na majani yana linamarini. Mmea ukiwa mzima kemikali hiyo huwa imetengwa na kimeng'enya chake, linamarase. Mzizi ukikatwa, ukikunwa au kutwangwa, viwili hivyo hukutana na hatimaye hutoa sianidi ya hidrojeni, sumu kali inayochemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi na kupaa hewani.

Muhogo mtamu, wenye sumu kidogo, humenywa na kuchemshwa au kuchomwa tu. Muhogo mchungu, wenye sumu nyingi, hudai kazi kubwa zaidi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekuwa ya wanawake. Mizizi hulowekwa siku kadhaa hadi ilainike, ikaanikwa, ikatwangwa unga. Kwingine hufunikwa ivunde kwanza. Ni ustadi wa hali ya juu uliokamilika kabla ya maabara yoyote kueleza sababu yake. Makopa, yaani vipande vikavu vya muhogo, yaliyoanikwa bila kulowekwa hubaki na sumu nyingi, kwa kuwa yakikauka upesi kimeng'enya hukosa maji ya kufanyia kazi. Kisamvu nacho hutwangwa sana kinuni kabla ya kupikwa: kinu hupasua seli nyingi kuliko kisu, na sumu karibu yote hutoka.

Njaa au vita ikifupisha siku za kuloweka, huzuka konzo, ugonjwa wa kupooza miguu yote miwili ghafla na usiopona. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwili huhitaji salfa itokanayo na protini ili kuiondolea sianidi ukali wake, hivyo wasiopata maharage, samaki wala nyama ndio wanaoumia. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Mlipuko mkubwa ulitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na mwingine Tarime, Tanzania, katika miaka ya 1980.

Batobato

Batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo unaoenezwa na nzi weupe, uliripotiwa kutoka milima ya Usambara mwaka 1894. Kuanzia miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols, katika kituo cha Amani kwenye milima hiyohiyo, walizalisha muhogo wa kuustahimili ugonjwa huo kwa kuuchanganya na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara. Vizazi vya machotara hao vilipelekwa Nigeria, vikawa msingi wa mbegu zinazostahimili batobato zilizosambazwa sehemu nyingi za Afrika. Amani yastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa.

Matumizi

Ugali, futari ya nazi, chikwangue (mkate wa muhogo wa Kongo), wanga wa viwandani. Nigeria ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi duniani.