Historia ya Kanisa la Münsterschwarzach

Pale kijito cha Schwarzach kinapoingia mto Main, mashariki ya mji wa Würzburg nchini Ujerumani, watawa walijenga makao tangu karne ya 8. Wa kwanza walikuwa wanawake, na miongoni mwa abesi wao alikuwepo Theodrada, binti wa mfalme Karolo Mkuu. Mwaka 877 pakaingia wanaume, wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, na nyumba ikabaki mikononi mwao zaidi ya miaka 900. Kanisa walilolijenga enzi za abati Egbert lilitabarukiwa karne ya 11, likawatosha vizazi na vizazi.

Abati Januarius Schwab alishika uongozi mwaka 1717. Zama hizo kusini mwa Ujerumani abasia zilikuwa zinavunja makanisa ya kale na kujenga mapya kwa mtindo wa Baroko: mwanga mwingi, nguzo zenye nakshi, dari iliyochorwa hata mtu akiinua macho aone mbingu zimefunguka. Schwab naye alitaka kanisa la namna hiyo, na akajua wa kumwita. Balthasar Neumann, mzaliwa wa Eger huko Bohemia mwaka 1687, alianza maisha kwa kujifunza kusubu kengele na mizinga, akaingia jeshini, akawa mhandisi. Tangu 1720 alikuwa kwenye ujenzi wa jumba kubwa la askofu mtawala wa Würzburg. Mwaka 1727 akaanza kazi Münsterschwarzach.

Ramani yake ilikuwa ya msalaba. Mbele minara miwili. Ndani ukumbi mrefu. Na pale mikono ya msalaba inapokutana, kuba. Kuzitegemeza kuba na dari za mawe pasipo kuta kuelemewa ni hesabu ngumu, na Neumann alikuwa bingwa wa hesabu hiyo. Alikuja kusifiwa zaidi kwa makanisa ya Vierzehnheiligen na Neresheim, lakini kanisa lake kubwa la kwanza la watawa lilikuwa hili, na kwangu mimi hakuna anayeweza kumweleza Neumann akaliruka. Schwab hakuuona mwisho wake. Alifariki mwaka 1742, na mwaka uliofuata, siku za abati Christophorus Balbus, kanisa likatabarukiwa.

Mchoraji wa kuba aliitwa Johann Evangelist Holzer, kijana wa Tirolo aliyezaliwa mwaka 1709 na kujipatia jina mjini Augsburg. Alichora hapo kuanzia 1737. Uchoraji wa aina hiyo hauna subira: fundi hupaka lipu mbichi sehemu ndogo, na mchoraji hana budi kuimaliza siku ileile, kwa kuwa chokaa inapokauka huinywa rangi na kushikamana nayo. Ndiyo maana picha hudumu mamia ya miaka. Ndiyo maana pia si rahisi kuihamisha. Ukuta ukianguka, nayo imeanguka. Holzer alifariki mwaka 1740, akiwa na umri wa miaka 30 tu, na wajuzi wengi wa sanaa huihesabu kazi ya Münsterschwarzach kuwa kilele chake. Kilichobaki ni michoro ya matayarisho, ukiwemo wa kuba, uliohifadhiwa Augsburg.

Kwa altare, watawa waliagiza picha kwa Giambattista Tiepolo wa Venezia, aliyekuwa Würzburg akichora dari za jumba lilelile la Neumann. Mwaka 1753, mwaka ambao Neumann alifariki, Tiepolo alikamilisha picha ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu, yenye urefu wa zaidi ya mita 4. Hii ilichorwa juu ya kitambaa. Leo iko Munich, katika jumba la Alte Pinakothek.

Ilifikaje huko? Mwaka 1803 serikali ya Bavaria iliifunga abasia, kama ilivyozifunga nyingine nyingi, ikatwaa mali zake, picha hiyo ikiwemo. Watawa wakatawanyika, majengo yakauzwa. Mwaka 1810 radi ikapiga kanisa likashika moto. Radi hiyo isibebeshwe lawama yote. Kanisa lililoungua na lenye wenyewe huezekwa upya. Hili halikuwa tena na wenyewe, na aliyelishika aliona humo mawe ya kuuza. Kuanzia 1821 likabomolewa, kuba ya Holzer pamoja nalo.

Mwaka 1913 wakaja Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika ambalo watu wetu wa Tanzania wanalijua vizuri. Hao ndio waliofungua misheni ya Pugu mwaka 1888, Peramiho 1898 na Ndanda 1906, na ambao askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Walinunua kilichobaki Münsterschwarzach, na mwaka 1914 nyumba ikawa abasia tena. Hawakujaribu kumrudisha Neumann. Kati ya 1935 na 1938 waliinua kanisa jipya la mbunifu Albert Boßlet: minara minne, mawe makavu, pasipo dhahabu. Naliona jambo hilo kuwa uamuzi wa kiungwana, maana kuiga kuba bila mkono wa Holzer kungekuwa kumtania marehemu.

Serikali ya Kinazi iliwafukuza mwaka 1941. Walirejea 1945, wakaendelea kutuma watu Tanganyika na baadaye Tanzania. Mmoja wao, Anastasius Reiser, mwaka 2006 alikuwa abati wa Peramiho.