Sifuri Niliyoiweka Nkansi

Desemba moja, nikiwa likizo, nilimsindikiza babu kwenda Nkansi, kaskazini ya Sumbawanga. Njiani alinionyesha ilungu: tanuru la udongo lililosimama kama mnara, ambamo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma. Halikuhitaji mivukuto; hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa.

Mbele kidogo tulikuta kisiki kifupi cha udongo uliochomeka, kimezungukwa na mavi ya chuma.

“Na hiki, babu?”

“Sikijui, mjukuu wangu. Baba hakunisimulia.”

“Basi si tanuru,” nikasema. Babu alinyamaza.

Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili ya fizikia, kuhusu kukadiria hali ya kyubiti kwa vipimo vichache. Hali hiyo hujulikana kwa kupima mihimili mitatu, lakini kila kipimo huivuruga. Unahitaji nakala nyingi zilizoandaliwa kwa namna moja, na nakala daima ni chache. Mwaka 1997 Zdeněk Hradil alipendekeza tuchague hali ambayo ingeyapa matokeo tuliyoyaona uwezekano mkubwa kuliko hali nyingine yoyote. Njia hiyo ilienea maabara nyingi.

Ina kasoro moja. Pima nakala tano kwenye mhimili mmoja, zote zijibu “0”, nayo itakwambia kwamba “1” haiwezekani kabisa. Kwa vipimo vitano tu! Mwaka 2010 Robin Blume-Kohout alipinga sifuri za namna hiyo, akapendekeza kuacha nafasi kidogo kwa lile ambalo halijaonekana. Wazo lenyewe ni la kale: kwa kanuni ya Laplace, ya karne ya 18, baada ya “0” tano uwezekano wa “1” ni moja ya saba. Ni mdogo, lakini si sifuri.

Miezi kadhaa baadaye nikasoma kazi ya Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliyewasilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 1995 kuhusu uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Ufipa, anaonyesha, haikuwa na malungu peke yake. Kulikuwa pia na matanuru mafupi, ya ufundi mwingine, yaitwayo katukutu.

Niliirudia sentensi hiyo mara mbili. Huenda kisiki chetu hakikuwa katukutu. Sikukipima wala kukipiga picha. Ila babu alisema “sikijui”, nami nikaandika sifuri. Kati yetu wawili, aliyekadiria vizuri ni yeye.

Nilitaka kumwambia hivyo. Alifariki kabla sijarudi Sumbawanga, na kile kisiki sijui tena kiko upande gani wa njia.