Sailensa: neno moja, mambo matatu

Mteja akifika gereji ya Kayanga au Nkwenda akasema "pikipiki yangu haina sailensa," fundi haulizi mara mbili: chombo kikiachiwa resi, kinazima. Neno lina asili ya Kiingereza, ila maana hii limepewa na mafundi wetu. Sailensa ni hali ya injini kujizungusha yenyewe bila kuvuta mzigo na bila kukanyagwa mafuta. Gari la zamani la kabureta hukaa kwenye mizunguko 700 hadi 900 kwa dakika. Bodaboda nyingi hukaribia 1,400.

Wapo watakaopendelea "mzunguko tuli". Lakini katika fizikia tuli ni kisichosogea, kama umeme tuli, na injini inayozunguka mara 800 kwa dakika haijatulia hata kidogo. Sailensa libaki. Kasoro yake ni kubebeshwa mambo matatu kwa pamoja: hali ya injini, kasi yake, na njia ya mafuta inayoilisha. Asiyeyatenganisha hupapasa tu.

Tuanze na njia ya sailensa. Resi ikiachiwa, kipepeo cha kabureta hukaribia kufunga kabisa. Upepo unaopita hautoshi kuvuta mafuta kwenye jeti kubwa, hivyo injini hunyonya kupitia jeti ndogo ya pembeni. Kwenye kabureta ya pikipiki tundu la jeti hiyo halifiki nusu milimita. Maji kidogo au uchafu wa petroli ya chupani, ile inayouzwa kando ya njia huko Kyerwa, unatosha kuliziba. Chombo kitakimbia vizuri mlimani kisha kizime kikifika kijiweni. Lizibuliwe kwa upepo wa kompresa. Waya hulipanua, na likishapanuka halirudi.

Kasi ya sailensa ina skrubu yake, inayozuia kipepeo kisifunge chote. Wengi hukimbilia kuikaza hiyo. Injini itaacha kuzima, lakini ugonjwa umefichwa tu: mafuta yataliwa zaidi, na kwenye mteremko injini haitasaidia breki kama inavyopaswa.

Skrubu nyingine ni ya mchanganyiko. Iliyo upande wa eya kilina hupima upepo, na ukiikaza mafuta huzidi. Iliyo upande wa injini hupima mafuta, na ukiikaza hupungua. Huku Karagwe skrubu hii ina kazi ya ziada. Kayanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Gari lililosetiwa pwani likipanda huku, mafuta yanazidi upepo: plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, na sailensa inakuwa nzito.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, injini ipate moto, choki irudishwe, na plagi na platini zikaguliwe. Kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi ya kabureta na ya manifodi. Mlio ukibadilika, kuna upepo unaoingia kwa wizi, na hakuna skrubu itakayouponya.

Magari ya michezo yana mtihani mmoja zaidi. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ina silinda sita na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Moja ikivuta kuliko mwenzake, gari hutikisika likiwa limesimama. Fundi huweka mpira mwembamba sikioni, husikiliza mvumo wa kila kabureta, kisha huzisawazisha.

Kwa hiyo tuandike na tufundishe hivi: sailensa kwa hali, kasi ya sailensa kwa mizunguko, njia ya sailensa kwa jeti na matundu yake. Nawe mteja, ukifika gereji, usiseme tu "haina sailensa". Sema inazima ikiwa baridi au ikiwa ya moto, na kama ilianza baada ya kujaza mafuta. Maneno hayo yatakuokolea pesa.