Namba Moja, Sehemu Mbili

Haya jamani, leo niulize swali la kitoto: ile namba unayoiona kwenye skrini, ndiyo namba yenyewe? Siyo. Namba yenyewe imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta au kwenye kanzidata huko. Ya kwenye kisanduku ni nakala tu. Na kuna watu wamemaliza ujana wao wakihangaika ili hizo mbili zisipishane.

Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara pale Harvard, alikuwa akimtazama profesa ubaoni. Profesa kachora jedwali la hesabu. Akikosea namba moja, inabidi afute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Bricklin akawaza, kwa nini ubao usijirekebishe wenyewe? Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Ukibadili seli moja, zinazoitegemea zinafuata. Kuna watu walinunua kompyuta kwa sababu ya programu hiyo tu!

Mwaka huohuo, huko California, Mnorwei mmoja aitwaye Trygve Reenskaug alikuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC. Alikuwa ametengeneza programu za viwanda vya meli, mahali ambapo kazi moja hutazamwa na watu wengi, kila mtu kwa jicho lake. Akapendekeza data ikae peke yake, aliiita modeli, na kilichoko kwenye skrini kiwe mtazamo tu. Modeli ikibadilika, mitazamo yote inajichora upya. Waandishi wa programu wanalijua wazo hilo kwa herufi tatu, MVC. Mzee alifariki 2024, na nadhani wengi wanaolitumia hata jina lake hawalijui.

Mtaani mambo yalikuwa tofauti. Miaka ya mwanzo ya 1990 uliandika kila kitu kwa mkono: soma rekodi, weka jina kwenye kisanduku hiki, bei kwenye kile, kisha rudisha vyote. Ukisahau mstari mmoja, imekula kwako. Ndipo 1993 ikaja Visual Basic 3 na kidude chake chenye mishale minne: mwanzo, nyuma, mbele, mwisho. Unakiweka kwenye fomu, unakielekeza kwenye faili la kanzidata, halafu kisanduku unakijazia sifa mbili, DataSource na DataField. Kwisha! Fomu inasoma na kuandika bila wewe kuandika mstari hata mmoja.

Utamu huo ulikuwa na sumu yake. Ukibonyeza mshale wa mbele, chochote ulichogusa kwenye rekodi kinahifadhiwa, bila kuulizwa. Nimewahi kuliona hilo kwenye duka moja la dawa lililokuwa bado na programu ya namna hiyo. Salio la pakiti 140 liligeuka 1400. Mwenye duka akahesabu rafu, akaona pakiti 1260 "zimeibiwa", na muuzaji akasimamishwa. Kijana aliapa hajabadili kitu. Hakudanganya, kidole kiligusa sifuri, akabonyeza mshale kuangalia dawa inayofuata. Aliyeandika programu angeweza kuweka swali la kuthibitisha. Hakuweka, na hakuna kilichomlazimisha.

Apple walikuja na njia yao 2003, Cocoa Bindings. Microsoft wakatoa WPF 2006, ambamo unachagua data ipite njia moja, kutoka kwenye modeli kwenda kwenye skrini, au njia mbili. Ni hatua kubwa. Ila usipokiambia kitu, kisanduku cha kuandikia cha WPF ni njia mbili, na kinaandika pale tu unapohamia kwingine.

Kijana alirudishwa kazini baada ya wiki mbili. Nilipopita tena pale, pembeni ya kompyuta kulikuwa na daftari kubwa la mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi.